Maswali ya waajiri wadogo wa Mwanza kuhusu sheria ya kazi

Kazi yangu ni kuandaa mishahara ya watu wasio na ofisi ya utumishi: mwenye duka la vifaa vya ujenzi Igoma, mwenye loji Nyegezi, mama mwenye mgahawa karibu na Soko Kuu, wafanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Maswali yao hayatofautiani sana, na mengi huulizwa mambo yakiwa yameshaharibika, mtu ana wito wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, mkononi. Hapa nimeyajibu yale yanayorudi kila mwezi. Sheria ninazozitaja ni za Tanzania Bara. Zanzibar wana zao.

Nina wafanyakazi watatu tu. Sheria ya kazi inanihusu kweli?

Inakuhusu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikuweka idadi ya kuanzia. Walioachwa nje yake ni watu kama wanajeshi, polisi na askari magereza, wala si duka lenye wauzaji wawili. Vinavyobadilika kwa ukubwa wa biashara ni vichache, mfano tozo ya kuendeleza ujuzi (SDL), ambayo tangu 2021 humgusa mwajiri mwenye watu kuanzia 10.

Wangu ni vibarua, nawalipa kila jioni. Hao si wafanyakazi, au?

Hakuna swali linalowagharimu watu pesa kama hili. Kulipa kila jioni ni namna ya kulipa tu, hakumwondolei mtu haki zake. Sheria ya Taasisi za Kazi, nayo ya 2004, inasema mtu atachukuliwa kuwa mfanyakazi, hadi ithibitishwe vinginevyo, ikiwa lipo hata moja kati ya mambo haya: wewe ndiye unayemwelekeza namna ya kufanya kazi, wewe ndiye unayempangia saa, yeye ni sehemu ya shughuli zako, amekufanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita, anakutegemea wewe kwa kipato, vifaa vya kazi unampa wewe, au hana mwingine anayemfanyia kazi.

Saa 45 kwa mwezi ni siku tano za kazi. Sasa mfikirie kijana anayeanika na kupakia dagaa wako kila siku, mwaka wa pili huu, kwa turubai lako na magunia yako. Mwite kibarua, mwite deiwaka, mwite msaidizi. Mbele ya msuluhishi jina ulilompa halina uzito. Wapo wanaowaachisha watu kila baada ya miezi mitatu kisha kuwarudisha baada ya wiki mbili ili wasifikie miezi sita. Kwa upande wa likizo ujanja huo haufiki mbali: aliyefanya kazi kwa mwajiri huyohuyo zaidi ya mara moja ndani ya mwaka, jumla ya vipindi vyake ikizidi miezi 6, anastahili likizo ya malipo. Na wa msimu naye ametajwa.

Kibarua wa kweli yupo. Ni yule uliyemwita Jumamosi kushusha lori la saruji, ukamlipa, akaenda zake kwa tajiri mwingine.

Nina mitumbwi miwili. Wavuvi wangu wanakula mgao, hawana mshahara. Je, hao?

Mgao ni njia ya kukokotoa malipo. Rudi kwenye orodha ya juu ujiulize: nyavu za nani, injini na mafuta ni vya nani, nani anaamua leo mtumbwi utoke au ulale? Ukijibu "mimi" mara tatu, usiweke matumaini yako kwenye neno mgao. Andika makubaliano: gharama zipi zinatolewa kwanza, fungu la chombo ni lipi, la nahodha na vijana ni lipi, hesabu inafungwa lini na mbele ya nani.

Na kuhusu umri: chini ya miaka 14 haruhusiwi kuajiriwa kabisa. Kuanzia 14 ni kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumzuia masomo. Chini ya 18 haruhusiwi mgodini, kiwandani, kuwa baharia chomboni, wala kwenye mazingira hatarishi, na kazi za usiku pia amekatazwa. Uvuvi wa dagaa ni wa usiku, ziwani, kwenye mawimbi. Mtoto wa dada yako mwenye miaka 15 mwache alale nyumbani.

Mkataba ni lazima uwe wa maandishi? Nani ataniandikia kwa Kiingereza?

Kwanza, Kiingereza hakihitajiki. Kiswahili kinatosha, tena ni bora, kwa sababu baadaye hakuna atakayesema hakuelewa alichosaini.

Pili, hata kama mlikubaliana kwa mdomo tu, sheria inakutaka umpe mfanyakazi maelezo ya maandishi anapoanza kazi: jina, umri, jinsia na anuani yake ya kudumu, mahali alikoajiriwa, kazi atakayofanya, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, kituo cha kazi, saa za kazi, mshahara, namna unavyokokotolewa na marupurupu mengine. Karatasi mbili zinatosha. Zitunze, na akiondoka uzitunze miaka 5 zaidi.

Mkigombana, mfanyakazi akasema mlikubaliana laki nne na wewe ukasema laki mbili na nusu, na karatasi haipo, mwenye kazi ya kuthibitisha ni wewe. Nimewahi kukaa na mwenye mgahawa mmoja akitafuta kwenye simu meseji za miaka miwili nyuma kuthibitisha mshahara wa mhudumu wake. Simu yenyewe alikuwa ameibadilisha mara mbili.

Usisahau pia kubandika ukutani, pale wanapopaona, tangazo la haki za wafanyakazi.

Kipindi cha majaribio ni muda gani?

Muda unaoendana na kazi yenyewe, na usizidi miezi 12. Muuza duka hahitaji mwaka ili ujue kama anafaa. Jambo la kuangalia ni miezi 6: aliye na muda chini ya huo kwako hawezi kudai kwamba ameachishwa isivyo halali kwa maana ya kawaida, ila mshahara wake, notisi yake na haki ya kutobaguliwa viko palepale.

Kima cha chini cha mshahara ni kiasi gani?

Hakuna kimoja kwa wote. Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara hugawa kwa sekta: kilimo, biashara na viwanda, hoteli, usafirishaji, uvuvi, ulinzi, kazi za nyumbani na kadhalika. Amri iliyotangazwa Oktoba 2025 ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2026, ikipandisha viwango vya sekta binafsi kwa wastani wa asilimia 33.4. Kwa hiyo kama mshahara uliuweka mwaka 2023 na hujaugusa, fungua jedwali la sekta yako leo. Mkataba unaosema kiasi cha chini ya hapo haukulindi, hata kama mwenzako alisaini kwa hiari.

Mgahawa wangu unafunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 3 usiku. Naruhusiwa kuwa na zamu moja?

Hapana. Hizo ni saa 15, na sheria inakataza mtu kufanya kazi zaidi ya saa 12 kwa siku, saa za ziada zikiwemo. Saa za kawaida ni 9 kwa siku, 45 kwa wiki, siku 6. Akifanya kazi saa 5 mfululizo, apate mapumziko ya angalau dakika 60. Kutoka anapotoka leo mpaka anaporudi kesho zipite saa 12, na kila wiki awe na saa 24 za kupumzika.

Saa za ziada ni kwa makubaliano, zisizidi 50 katika wiki 4, na kila saa hulipwa mara moja na nusu. Akifanya kazi sikukuu au siku yake ya mapumziko ya wiki, ni mara mbili. Kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi kuna nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa.

Watu huchanganyikiwa kwenye hesabu ya saa moja. Chukua mshahara wa mwezi, gawanya kwa 195 (wiki 4.333 mara saa 45). Mshahara wa 390,000 unatoa 2,000 kwa saa. Saa ya ziada itakuwa 3,000, saa ya Nane Nane 4,000. Ukishaiona namba hiyo, huenda ukagundua kwamba kuajiri mtu wa pili wa zamu ya jioni ni nafuu.

Meneja anayesimamia wenzake kwa niaba yako na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu habanwi na masharti haya ya saa. Lakini meneja wa kweli, si mhudumu uliyempa funguo ya stoo.

NSSF, WCF, kodi. Nakata nini, nalipa nini?

Tuendelee na yule wa 390,000, wala asiwe na posho nyingine.

NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mara nyingi hugawanywa nusu kwa nusu: yeye 39,000, wewe 39,000. Unaweza kubeba zaidi ya nusu. Kumkata yeye zaidi ya asilimia 10 huwezi. Mchango wa mwezi huu uwe umefika ndani ya mwezi unaofuata.

Kodi ya mshahara huhesabiwa baada ya kutoa ule mchango wake. Zinabaki 351,000. Shilingi 270,000 za kwanza hazina kodi. Kinachozidi, 81,000, kinatozwa asilimia 8, yaani 6,480. Hiyo inakwenda TRA kabla ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata kupita. Mfanyakazi anaondoka na 344,520.

WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ni asilimia 0.5, hapa 1,950, na yote ni ya mwajiri. Ukimkata mfanyakazi hata shilingi moja ya WCF umekosea. Mfanyakazi wa aina hii anakugharimu 430,950 kwa mwezi, kabla ya chai.

Watu wa hapa hulalamikia WCF kuliko vyote, na mimi ndiyo ninayoitetea kuliko vyote. Msumeno ukimkata fundi vidole, au kijana akianguka na gunia kutoka juu ya lori, mfuko ndio unaobeba matibabu na fidia. Toa taarifa ya ajali ndani ya siku 7. Eneo lenyewe la kazi nalo lisajiliwe OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi.

Kaunta imepata shoti ya 60,000. Namkata keshia mwisho wa mwezi?

Si hivi hivi. Makato kwenye mshahara yanaruhusiwa pale sheria au amri ya mahakama inaposema, au mfanyakazi anapokubali deni kwa maandishi. Kwa hasara kama shoti, nyavu zilizopotea au sahani zilizovunjika, kuna ngazi za kupanda. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lake. Umweleze kwa maandishi chanzo chake, kiasi, na ulivyokipata. Umpe nafasi ya kupinga. Usimdai zaidi ya hasara halisi. Na makato yasizidi robo ya malipo yake.

Tatizo la shoti nyingi ni hilo sharti la kwanza. Droo moja, watu watatu wanaingiza mkono, bosi mwenyewe akipita anachukua elfu kumi ya vocha bila kuandika. Utathibitishaje kosa la keshia? Kila zamu ihesabu droo, iandike, wasaini wawili, anayetoka na anayeingia. Baada ya hapo ndipo tuzungumze makato.

Na kugawa shoti kwa wafanyakazi wote "ili wachungane" ni desturi niliyoikuta kila mahali. Haina mguu wa kusimamia.

Likizo ni siku ngapi?

Ya mwaka ni siku 28 mfululizo zenye malipo, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, akiwa na cheti cha daktari: 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 za mwisho kwa nusu. Baba aliyepata mtoto ana angalau siku 3, ndani ya siku 7 tangu kuzaliwa. Msiba wa mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu au ndugu wa kuzaliwa, pamoja na kuuguliwa au kufiwa na mtoto, ni angalau siku 4. Shangazi na mjomba hawamo kwenye orodha hiyo, jambo ambalo kwa mila zetu linashangaza. Waajiri wengi huku hutoa ruhusa hata hivyo, nami sijaona aliyejutia.

Mhudumu wangu ni mjamzito. Naweza kumpumzisha kazi?

Kumpa likizo ya uzazi, ndiyo: siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, kwa malipo. Kumwachisha kwa sababu ya mimba ni kosa moja kwa moja, hakuna namna ya kulipamba. Miezi miwili kabla ya kujifungua usimpange usiku, na miezi miwili baada ya kujifungua vilevile. Akirudi, anaponyonyesha, ana haki ya hadi saa 2 kwa siku.

Kijana ameiba. Nimpeleke polisi, au nimfukuze leo?

Tulia kwanza, kwa sababu mpangilio wa hatua una maana. Sheria inasema mfanyakazi akishashtakiwa mahakamani kwa kosa la jinai, huwezi kumpa adhabu ya kinidhamu wala kumwachisha kwa jambo hilohilo mpaka kesi iishe, rufaa ikiwemo. Nimeona waajiri waliokimbilia polisi asubuhi, kesi ikafunguliwa, kisha jioni wakaandika barua ya kufukuza. Wizi ulikuwepo. Lakini barua ile ndiyo iliyowaponza.

Kwa wengi ninaowahudumia, njia inayoeleweka ni kumaliza ya ndani kwanza. Chunguza: daftari la stoo, risiti, waliokuwepo. Mwandikie tuhuma kwa lugha anayoielewa, umpe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48. Ukihofia ataharibu ushahidi, msimamishe, lakini kwa malipo kamili. Siku ya kikao aje na mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, aulize mashahidi, ajitetee. Kikao kiongozwe na mtu asiyehusika na tukio. Kwenye duka la familia hili ni gumu: mwenye duka ndiye aliyeibiwa, ndiye mpelelezi, na anataka awe hakimu. Mwombe mfanyabiashara mwenzako unayemwamini aje kuongoza. Andikeni muhtasari, wote wasaini. Kisha toa uamuzi wenye sababu, kwa maandishi.

Mtu anaachishwa kihalali ikiwa sababu ni ya kweli na utaratibu nao umefuatwa. Kimoja kikikosekana, unadaiwa fidia inayohesabiwa kwa miezi ya mshahara.

Amekaa wiki hajaja na simu haipokei. Si amejifukuza mwenyewe?

Hakuna kujifukuza. Utoro wa zaidi ya siku 5 za kazi bila ruhusa wala sababu ya msingi ni kosa linaloweza kumwachisha, lakini hata huo unapitia kikao. Mwandikie kwa anuani aliyokupa, mtumie meseji uihifadhi, mpe tarehe ya kikao. Asipokuja, kaeni bila yeye na muandike kwamba aliitwa.

Biashara imelegea. Nataka kupunguza watu wawili.

Unaweza. Toa taarifa ya nia yako mapema, onyesha sababu (mauzo, mashine mpya, mabadiliko ya muundo), kaa na wafanyakazi mjadili kama kuna njia nyingine na ni vigezo gani vitatumika kuchagua. Mazungumzo yafanyike kabla hujaamua majina. Ukiingia kikaoni na bahasha mbili tayari zimeandikwa, hayo si mazungumzo.

Anapoondoka namlipa nini?

Siku alizofanya kazi. Likizo aliyolimbikiza. Notisi: siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, siku 4 kwa wa siku au wiki, siku 7 ikiwa yuko ndani ya mwezi wa kwanza. Kiinua mgongo kwa aliyetimiza mwaka: mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Kwa yule wetu wa 390,000, siku moja ni 15,000, hivyo mwaka ni 105,000 na miaka minne ni 420,000. Aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hapati hicho. Cheti cha utumishi mpe hata kama mmeachana kwa ugomvi.

Kinachosahaulika ni nauli. Ukimwachisha mahali ambapo si pale alikoajiriwa, unamsafirisha yeye na mizigo yake, au unalipa nauli isiyopungua ya basi hadi kituo cha karibu na huko, pamoja na posho ya kujikimu kwa siku anazosubiri. Mpishi uliyemfuata Bukoba, ukamleta Mwanza, ukamwachisha bila nauli: siku zinaendelea kuhesabika. Ndiyo maana nasisitiza ile sehemu ya "mahali alikoajiriwa" kwenye karatasi ya kwanza. Kama alikuwa tayari anaishi Buzuruga na akaja mwenyewe kuomba kazi, andika Mwanza.

Nimeletewa fomu ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Nisipokwenda?

Nenda. Mwajiri asipofika, shauri linaweza kuamuliwa bila yeye, na tuzo (ndiyo uamuzi wa Tume) ikishatoka hukazwa kama amri ya mahakama. Gari lako la mizigo linaweza kukamatwa.

Angalia tarehe kwanza. Anayepinga kuachishwa ana siku 30 za kuwasilisha mgogoro, kwa madai mengine ni 60. Akichelewa lazima aombe kuongezewa muda na atoe sababu, na wewe una haki ya kupinga ombi hilo. Hatua ya kwanza ni usuluhishi, siku 30, na wengi wenye busara humalizia hapo kwa kulipa kinachodaiwa kihalali na kusainiana. Mkishindwana, linakwenda kwenye uamuzi, na huko ndiko mkataba, daftari la mahudhurio na muhtasari wa kikao hutolewa mezani, au hukosekana.

Usiporidhika na tuzo, unaomba mapitio Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ndani ya wiki 6. Zihesabu kuanzia siku uliyokabidhiwa tuzo, si siku uliyopata nafasi ya kuisoma.